Chupa Iliyoandikwa Toro

Shangazi Apolinaria aliisoma ile chupa kwa sauti, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyepewa kitabu kipya.

"T, O, to. R, O, ro. Toro."

Pale sebuleni, wageni na wenyeji wakaikodolea macho chupa.

Nyuma ya pazia la mlango wa uani, Levina alisimama na sinia la chakula mikononi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kwenye upenyo wa pazia aliona nusu tu ya mambo: goti la baba yake, meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, chupa nyeusi iliyokwisha kuvuliwa karatasi zake, na mkono wa Emilian, aliyekuja kumposa, juu ya paja, vidole vikijikunja na kujikunjua.

"Soma tena," alisema baba yake, Mzee Wenceslaus.

"Kaka, si nimeshasoma?"

"Soma tena, Apolinaria."

"Toro."

Mzee akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Imekosa m tu hapo mbele. Mtoro! Mmetoka huko mlikotoka, mkavaa mashati ya pasi, mkaja kunikalia kwenye viti vyangu, kisha mnaniwekea mezani neno hilo."

Ndani ya nyumba ile, pale mtaa wa Isevya, Tabora, neno hilo halikutamkwa. Jirani akipotelewa na mbuzi, walisema mbuzi amekata kamba. Mtoto akikosa shule, walisema hakuhudhuria. Ilikuwa hivyo kwa miaka sita, tangu Advera, dada mkubwa wa Levina, alipoondoka alfajiri na dereva wa lori la tumbaku na kupotelea huko njia ya Mpanda. Picha yake ilitolewa ukutani. Ukutani palibaki msumari.

"Mzee wangu, naomba nieleze," ilisikika sauti ya Emilian. Ilikuwa sauti ile ile ambayo kwenye simu ilimfanya Levina asahau sufuria jikoni, ila leo ilikuwa imekauka.

"Utaeleza nini? Kwamba mimi ni baba wa watoro? Hilo najua, sihitaji kuandikiwa kwenye chupa."

"Mzee mwenzangu, tuliza moyo." Huyo alikuwa Mzee Abdulatifu, mshenga, fundi cherehani wa siku nyingi aliyeheshimiwa mtaa mzima. "Kijana hakukusudia. Chupa hiyo mimi hata sijaigusa, dini yangu unaijua. Ameibeba mwenyewe kwenye bajaji, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Nilimwambia, leta blanketi, leta asali yako, wewe si mtu wa asali? Akasema hapana, hii mzee ataipenda."

"Nitapenda kutukanwa?"

"Sasa mimi ningejuaje kama ni ya kufunguliwa baadaye?" Shangazi Apolinaria alijitetea, ingawa hakuna aliyemtaja. "Nimeona karatasi, nikasema nisaidie kufungua. Nikajua ni divai ya padre."

Levina alifumba macho. Hilo ndilo aliloliogopa. Alikuwa amemwambia Emilian mara tatu: ifunge karatasi, usiifungue mpaka umeeleza jina lake, nyumbani kwetu neno hilo lina mwiba. Emilian aliifunga vizuri. Aliyesahauliwa katika mpango wao ni shangazi na mikono yake.

"Chukueni chupa yenu," alisema Mzee Wenceslaus. "Wiki mbili zilizopita mlileta barua, leo mmekuja kuchukua majibu. Majibu hayapo."

Levina akapiga hatua kuelekea pazia. Mama yake, Gaudensia, alimshika kiwiko kutoka nyuma.

"Usithubutu," alinong'ona. "Binti hatoki mpaka aitwe."

"Mama, wanaondoka."

"Waache waondoke. Baba yako nitaongea naye polepole. Mwezi ujao, mwezi mwingine..."

"Mama, miaka minne nimengoja."

"Si ndiyo unajua kungoja? Ngoja."

* * *

Chupa ile ilikuwa na pacha wake, na pacha huyo Levina alimfahamu.

Emilian, aliyefahamiana na Levina miaka minne sasa, alikuwa mtu wa Kaliua, mnunuzi wa asali. Aliifuata kwa warinaji huko misituni, akaichuja, akaiuza mjini. Mwaka uliopita kikundi chao kilipeleka watu wawili Hispania kujifunza ufugaji wa nyuki kwa miezi mitatu, naye akawa mmojawapo. Mwenyeji wake huko, mzee mwenye mizinga kando ya mashamba ya zabibu, alimpa chupa mbili siku ya kuagana. "Moja unywe na unayempenda," alimwambia. "Nyingine mpelekee baba yake."

Basi alasiri moja, wageni wote wakiwa wametoka, Emilian akaingia jikoni kwenye nyumba ya wageni ambako Levina alipika. Mlango wa uani ulikuwa wazi, kuku wakipita.

"Una chakula gani?"

"Nina wageni kumi na wawili jioni, kwa hiyo ninacho cha kila namna. Njaa yako ni ya nini?"

"Ya kila kitu. Nipe kidogo kidogo, kila kimoja na kisahani chake."

Alichomoa kizibo cha chupa ya kwanza, akamimina kwenye bilauri mbili za maji. Levina aliinua yake dirishani. Katikati ilikuwa nyeusi kama zambarau iliyoiva hadi kupasuka, na pale ukingoni mwanga ulipopenya, ikawa nyekundu yenye urujuani. Akanywa. Ulimi ukamkauka, fizi zikakaza kama ametafuna ganda la ndizi mbichi.

"Emilian! Hii imeharibika."

Emilian alicheka mpaka akashika meza. "Haijaharibika, ina nguvu. Asilimia kumi na tano, na ngozi ya zabibu imo yote humo. Mvinyo huu haupendi kukaribishwa mikono mitupu. Upe chakula."

Wakaanza na mgebuka wa kukaanga, uliokuja na treni ya Kigoma. Levina alitafuna, akanywa, akakunja uso. "Kama nimelamba msumari."

"Kweli kabisa. Samaki na mvinyo huu hawaelewani. Nini kingine?"

Kachumbari yenye pilipili ikawaka moto mdomoni mara mbili ya moto wake. Maharage ya nazi yakauvumilia mvinyo, basi. Lakini uyoga wa porini, ule wa msimu wa mvua, uliokaangwa kwa kitunguu mpaka ukashika rangi, ulimfanya Levina aache kutafuna.

"Vipi?" aliuliza Emilian.

"Nyamaza kwanza."

Ukali ulikuwa umelala. Mahali pake palikuja kitu kingine, tunda jeusi, na nyuma ya tunda harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Walipofika kwenye ubavu wa mbuzi wa kuchoma, na mafuta yake yakichirizika, mvinyo ukateremka kama maji ya mtungini.

"Huko kwao wanakula na nini?" aliuliza.

"Mwanakondoo wa kuoka tanuri la kuni. Jibini ya maziwa ya kondoo, ngumu, ya miezi mingi. Kitimoto cha kukaushwa kwa chumvi, kinaning'inizwa hata miaka miwili."

"Cha kukaushwa?" Levina akainuka. "Ngoja."

Akafunua sufuria ya pembeni kabisa, chakula chake mwenyewe. Ilikuwa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi na jua, ikachemshwa ikalainika, ikaungwa kwa karanga nzito. Emilian alichukua kipande, akanywa, akaweka bilauri chini taratibu. Alimtazama Levina kwa namna ambayo hakuna mtu aliwahi kumtazama jikoni.

"Levina. Hata kule hawakuwa na hiki."

"Acha uongo. Mimi ni darasa la saba, mambo ya Ulaya nitayajulia wapi?"

"Nani amekuuliza cheti? Nimekuuliza ladha, ukanijibu kuliko waliosomea."

Siku ile alimsimulia juu ya mji wa Toro: mchana wake wa jua kali, usiku wake wa baridi, mchanga wake uliofanana na mchanga wa Tabora. Zamani walitokea wadudu wakala mizizi ya mizabibu karibu Ulaya yote, lakini kwenye mchanga huo walishindwa kuishi, ndiyo maana hadi leo kuna mizabibu mikongwe kuliko babu wa mtu. Akamwambia pia maana ya jina lenyewe, na Levina akacheka mpaka akajifunika kanga usoni. Kisha akaacha kucheka, maana alimkumbuka baba yake.

* * *

"Mama, nisamehe," alisema Levina, na akapita pazia na sinia lake.

Mzee Abdulatifu alikuwa ameshasimama, kofia mkononi. Emilian naye alikuwa wima, ameshika chupa shingoni. Macho yao yalikutana kitambo kidogo tu, lakini Levina aliona yote yaliyokuwemo: samahani, na usije hapa, na nimefurahi umekuja.

Aliweka sinia mezani, akapiga magoti.

"Shikamoo baba. Shikamoo Mzee Abdulatifu. Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu," waliitikia wawili. Baba yake hakuitikia.

"Nani amekuita?"

"Hakuna, baba. Nimekuja mwenyewe."

"Rudi jikoni."

"Nitarudi, baba. Naomba kusema neno moja, kisha nirudi. Hilo lililoandikwa siyo neno la kwetu. Ni jina la mji huko Hispania, kama vile chupa iandikwe Tabora. Na kwa lugha yao, toro maana yake ni fahali."

Shangazi Apolinaria akainua kichwa. "Fahali? Dume la ng'ombe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Yesu wangu! Kumbe wametuletea dume zima ndani ya chupa, na sisi tunalifukuza!"

Mzee Abdulatifu alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Hata mama, kule nyuma ya pazia, alisikika akivuta pumzi. Lakini uso wa Mzee Wenceslaus haukubadilika.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Emilian, baba."

"Eheee. Kwa hiyo mnakutana, mnafundishana lugha."

"Jikoni kazini, mzee," aliwahi Emilian. "Mchana, mlango ukiwa wazi. Sijawahi kumkosea heshima."

"Kijana, sijakuuliza." Mzee alimgeukia binti yake. "Maneno mazuri hayo. Na yule dereva wa lori alikuwa na maneno mazuri. Dada yako naye alinieleza vizuri hivyo hivyo, kesho yake nikaamka kitanda kitupu."

Levina alikuwa mtu wa kutazama. Tangu utoto alikaa pembeni akatazama nani anasema nini na nani anameza nini. Miaka sita iliyopita alitazama pia, na alichokiona siku ile alikibeba kifuani mpaka leo.

"Baba, Advera hukumwuliza."

"Unasema nini?"

Kwa desturi ya nyumba yao, kinywaji cha posa hakiguswi mpaka binti aulizwe mbele ya wageni: tunywe au tusinywe? Akisema tunywe, amekubali. Akinyamaza, wageni hubeba kinywaji chao wakaondoka bila ugomvi.

"Walipokuja wale wa kutoka Nzega kumposa," Levina aliendelea, "ulikuwa na furaha sana, baba. Walileta kibuyu cha pombe, ukanywa kwanza. Ukamwita ukiwa umeshamaliza. Mimi nilikuwa pale mlangoni. Niliona alivyokitazama kibuyu. Wiki haikuisha, akaondoka."

"Levina!" Mama yake alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni na kanga mdomoni.

"Mwache," alisema Mzee, taratibu sana.

"Mimi pia ningeweza kuondoka, baba. Nafanya kazi, nauli ninayo. Treni ya Kaliua naisikia ikipita nikiwa jikoni, na aliye kule nampenda. Leo nimelisema mbele yako, nisamehe. Lakini kila ikipita nilisema hapana, ngoja niulizwe. Mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka huu wa nne. Ukisema hapana leo, sitaondoka alfajiri. Nitakaa. Ila nitakuwa nimekaa bila kuulizwa."

Emilian aliinamisha uso. Mzee Abdulatifu alikaa tena kwenye kiti, polepole, kama mtu asiyetaka kiti kisikike.

Mzee Wenceslaus alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa yenye madoa, mikono iliyolima tumbaku huko Kaliua miaka ishirini kabla hajahamia mjini.

"Fungua," alimwambia Emilian.

Emilian alitoa kizibuo mfukoni. Kizibo kikatoka kwa mlio mdogo. Alimimina bilauri mbili, mkono mmoja ukiwa umeshika kiwiko cha mwingine kwa adabu, akampa mzee kwanza, kisha shangazi. Mzee Abdulatifu aliletewa soda yake.

Shangazi Apolinaria hakungoja lolote. "Mimi siyo mwenye binti, mimi naonja tu," akapiga funda. Macho yakamtoka. "Mama yangu! Inakamata ulimi kama polisi! Gaudensia, leta sukari, leta vijiko viwili!"

"Shangazi, sukari hapana," alisema Levina haraka.

"Sasa si chungu hii?"

"Siyo uchungu, shangazi. Ni nguvu zake."

Mzee Wenceslaus alikuwa hajanywa. Alikuwa ameishikilia bilauri karibu na uso, pua imeinama juu yake. Akavuta harufu, akaishusha. Akaipandisha tena, akavuta kwa kirefu zaidi.

"Hii ina tumbaku," alisema.

"Ndiyo, mzee," Emilian alijibu kwa sauti ya chini. "Hawatii tumbaku, lakini harufu hiyo imo. Inatokana na zabibu zenyewe, na pipa la mti inamokaa."

"Unanifundisha mimi tumbaku? Hii si ya sigara. Hii ni ya siku ile unafungua mlango wa bani la kukaushia, majani yamekauka vizuri, hayajafika sokoni, hayajatukanwa na mtu wa kupanga madaraja. Joto linakupiga usoni pamoja na utamu." Akaizungusha bilauri. "Na zambarau zimo. Na kitu kama ngozi, tandiko la baiskeli lililokaa juani." Akavuta tena, na safari hii hakuwa akimsemesha mtu. "Tulikuwa tunakaa chini sote tukichambua majani. Advera alikuwa na mkono mwepesi. Jani zuri alilijua kabla hajalitazama."

Jina lilitoka kinywani mwake kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, likakaa pale sebuleni pamoja nao. Gaudensia aligeuza uso ukutani, mabega yakimcheza. Hakuna aliyemtazama, kwa heshima.

"Nililima jani zuri sana," alisema Mzee. "Halafu kuna watu, mbali huko, wametengeneza kitu kinachonikumbusha. Hao ni mafundi. Fahali kweli."

Aliiweka bilauri mezani ikiwa imejaa vile vile. Hata mdomo hakuwa ameugusisha. Akavuta kiti chake, akakaa wima, akafunga kifungo cha juu cha shati. Levina alijua mwendo huo. Ndivyo alivyofanya kanisani kabla ya kwenda kusoma somo.

"Levina."

"Abee, baba."

"Wageni wameleta kinywaji. Kimetoka mbali, na mwenye kukileta amesimama hapa, mnamwona wote." Akaionyesha bilauri kwa kidole. "Tunywe, au tusinywe?"

Vidole vya Emilian, vile vilivyokuwa vikijikunja na kujikunjua, vilitulia kabisa. Alimtazama Levina, na katika kumtazama kule hapakuwa na haraka wala kumsukuma. Alikuwa anamwachia nafasi yote.

Levina alikaa kimya. Shangazi akaanza kumkonyeza. Mama akasogea hatua moja.

"Umesikia, mwanangu?" aliuliza Mzee Wenceslaus, na sauti yake ilikuwa na hofu ndogo ambayo binti yake hakuwahi kuisikia.

"Nimesikia, baba."

"Basi?"

"Naomba uniulize tena."

"Ona huyu!" alipayuka shangazi. "Anatuchezea na roho zetu ziko juu!"

"Mwache," alisema Mzee Abdulatifu, safari hii akicheka waziwazi. "Mwache aulizwe ashibe."

Mzee Wenceslaus alimtazama binti yake muda mrefu. Kitu fulani usoni mwake kililegea, kuanzia kwenye paji mpaka kwenye kidevu, na meno yake machache yakaonekana.

"Levina, binti wa Wenceslaus na Gaudensia," aliuliza kwa sauti kubwa, ya kusikika hadi kwa jirani. "Tunywe, au tusinywe?"

Levina alimgeukia Emilian, wala hakuyaficha macho yake safari hii. Kisha akafunua sinia. Mvuke wa nyama kavu na karanga ukapanda kati yao, akachota, akampelekea baba yake sahani kwa mikono miwili.

"Tunywe, baba," alisema. "Lakini nyama kwanza."